Somo la Tisa: Mgagani ni Mali

Katika somo la nane tulisoma juu ya samadi. Tuliona kwamba samadi ya zizini si takataka bali ni chakula cha shamba. Leo tutasoma juu ya mmea mmoja unaoota penyewe palipo na samadi. Mmea huo ni mgagani.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, liangalie mwishoni mwa somo. Baada ya kusoma, jadili na wenzako darasani, kisha mfanye kazi iliyoandikwa mwishoni. Kisomo kisichofika shambani na jikoni ni kisomo nusu.

1. MBOGA TUNAYOIKANYAGA

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Chimala, mwezi wa Novemba au Desemba, ardhi hubadilika haraka. Watu hukimbilia mashamba ya mpunga kule bondeni Usangu. Nyuma ya nyumba, kando ya zizi na penye jalala la zamani, mgagani huchipua wenyewe. Hakuna aliyeupanda wala anayeumwagilia maji.

Bibi zetu waliujua vizuri. Waliuchuma asubuhi, wakaupika, wakala na ugali. Uliobaki waliukausha wakauweka akiba. Siku hizi wengi wetu tunaung'oa kama gugu. Mgeni akija tunaona haya kumpa mgagani. Tunakwenda sokoni kununua kabichi, ingawa mboga imejaa nyuma ya nyumba. Wengine husema, "Hiyo ni mboga ya maskini."

Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Maana yake ni hii: usitupe kitu chako cha kale kwa sababu ya kitu kipya kinachopita tu. Kabichi si mbaya. Lakini kabichi huletwa na gari na hununuliwa kwa fedha. Siku gari lisipokuja, au fedha zisipokuwapo, watoto watakula ugali na nini?

Kuna hatari nyingine. Mmea unaong'olewa kila mwaka kabla ya kutoa mbegu hupungua. Na mama asiyemwonyesha binti yake jinsi ya kuupika, ujuzi huo hufa naye. Tukipoteza mmea na ujuzi wake, kuvirudisha ni kazi kubwa.

2. JINSI YA KUUTAMBUA MGAGANI

Mgagani ni mmea wa msimu mmoja. Huota, hutoa maua, hutoa mbegu, kisha hufa. Urefu wake mara nyingi hufika magotini au kiunoni. Penye rutuba nyingi waweza kupita hapo.

Tazama jani lake. Kutoka katika kikonyo kimoja hutokea vijani vitatu, vitano au saba, vimetandazwa kama vidole vya mkono. Mara nyingi ni vitano. Shina lina vinyweleo vinavyonata kidogo ukilishika. Shina la aina moja ni la kijani, la aina nyingine lina rangi ya zambarau. Maua ni meupe au yana wekundu hafifu, na nyuzi zake ndefu hujitokeza nje. Baada ya maua huja maganda marefu, membamba. Ndani ya maganda mna mbegu ndogo za mviringo, nyeusi au za kahawia.

Ponda jani kidogo kwa vidole, kisha unuse. Mgagani una harufu kali inayofanana na ile ya haradali.

Watu wengine wakiona vijani vitano hushtuka wakadhani ni bangi. Sivyo. Vijani vya bangi ni virefu, na kingo zake zina meno kama msumeno. Vijani vya mgagani ni vifupi na vipana zaidi, na kingo zake hazina meno makubwa. Basi usiogope kuupanda mbele ya nyumba.

Mmea huu una majina mengi. Kwa Kiswahili huitwa mgagani, na pengine mwangani au mkabilishemsi. Huko Kenya, Wakisii huuita chinsaga na Waluo huuita dek. Huko Malawi huitwa luni. Washona wa Zimbabwe huuita nyevhe. Hapa kwetu wanaishi Wasangu, Wasafwa, Wawanji, Wakinga, Wabena, Wahehe na wengine wengi. Waulize wazee wa nyumbani kwako wanauitaje, kisha andika jina hilo katika daftari lako.

3. NDUGU YAKE ALIYE MBALI

Sasa tutoke Chimala kidogo, tutazame mbali. Katika nchi zinazozunguka Bahari ya Mediteranea, kama Italia, Hispania, Moroko na Uturuki, kuna kichaka kiitwacho kepa. Wataalamu wa mimea waliwahi kuuweka mgagani katika ukoo mmoja na kepa. Siku hizi wanauweka katika ukoo wake wa karibu, jirani na kepa upande mmoja na kabichi na haradali upande mwingine. Ndiyo sababu mimea hiyo yote ina ukali unaofanana, ule unaopanda puani.

Kepa ni kichaka cha miiba. Huota penye mawe, hata katika nyufa za kuta za zamani. Mizizi yake huenda chini sana, kwa hiyo huvumilia jua kali na ukame. Watu hawali majani yake sana. Hula matumba ya maua, yaani maua ambayo bado hayajafunguka. Tumba likifunguka, ua hukaa muda mfupi tu na mavuno yamepotea. Kwa hiyo wakulima hupita katika kila kichaka mara kwa mara, kila baada ya siku 8 hadi 10, wakichuma tumba moja moja kwa mkono. Ni kazi ya mgongo na ya miiba.

Tumba bichi la kepa ni chungu, halifai kuliwa. Ndipo inapokuja akili ya watu. Huyachanganya matumba na chumvi nyingi na kuyageuza kila siku. Maji machungu hutoka. Baada ya siku kama 10 humwaga maji hayo na kuweka chumvi mpya. Wengine hutumia siki. Uchungu hupungua, na ladha nzuri huja. Kisha huchambua: madogo peke yake, makubwa peke yake. Madogo ndiyo yenye bei kubwa. Kisiwa kimoja cha Italia kiitwacho Pantelleria kimepata sifa duniani kwa kepa zake za chumvi. Zikiwa katika chupa, husafiri mpaka nchi za mbali. Watu huweka chache tu katika samaki, nyama au kachumbari ili kutia ladha.

Ndugu msomaji, kwa nini tumesoma habari za kepa? Si ili uende kuitafuta. Tazama walichofanya watu wale. Walikuwa na kichaka cha miiba, chenye tumba chungu, katika ardhi ya mawe. Hawakukidharau. Walijifunza mambo manne: wakati wa kuchuma, namna ya kuondoa uchungu, namna ya kuhifadhi, na namna ya kuchambua kabla ya kuuza. Mambo hayo manne ndiyo yaliyogeuza kichaka kuwa mali. Mgagani nao ni mchungu na huota wenyewe. Tukijifunza mambo hayo hayo manne, nao utakuwa mali.

Angalizo: Porini kwetu Afrika ya Mashariki kuna vichaka vya ukoo wa kepa. Kimoja kina miiba iliyopinda kama ndoana, nacho kinajulikana kwa kuua ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaokila. Usichume matumba wala matunda ya kichaka usichokijua ukadhani ni kepa. Waonye watoto wanaochunga.

4. FAIDA YA MGAGANI MWILINI

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1975 iliyoitwa "Chakula ni Uhai". Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadili. Jambo kubwa walilojifunza ni kwamba kushiba si sawa na kulishwa vizuri. Mtoto anaweza kushiba ugali au wali kila siku, na bado akadhoofika.

Hapa Chimala mpunga ni mwingi. Wali hushibisha na hutia nguvu. Lakini wali peke yake haujengi damu wala haulindi macho. Mgagani huongeza vitu hivi:

(a) Madini ya chuma. Haya hutumika kutengeneza damu. Wajawazito, waliojifungua, wasichana na watoto wadogo huyahitaji sana.

(b) Vitamini A. Hii hulinda macho, nayo husaidia mwili kupigana na magonjwa.

(c) Vitamini C. Hii husaidia vidonda kupona, na husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma.

(d) Madini ya kalisi. Haya hujenga mifupa na meno.

(e) Protini kiasi. Hii hujenga mwili.

Huko Kenya, Wakisii na watu wengine huwapa mgagani wanawake waliojifungua. Ni desturi nzuri. Lakini kumbuka jambo moja. Chuma kilichomo katika majani hakipokelewi na mwili kwa urahisi kama kile cha nyama au samaki. Kisaidie: kula mboga pamoja na limau, chungwa, pera au embe. Usinywe chai pamoja na chakula, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ngoja kiasi cha saa moja au zaidi baada ya kula. Vitamini A nayo huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Kwa hiyo tia karanga au mafuta kidogo katika mboga.

Tena, mgagani si badala ya kliniki. Mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu avimeze kama alivyoelekezwa, na mboga aile pia. Mtu mwenye kizunguzungu, anayechoka haraka na aliye mweupe viganjani aende hospitali akapimwe. Asikae nyumbani akingoja mboga imponye.

5. KUULIMA MGAGANI

Mgagani unaojiotea hauna ratiba. Ukitaka mboga ya uhakika, panda bustani.

Mahali. Mgagani hupenda jua na joto. Haupendi kivuli, wala haupendi miguu yake kukaa majini. Kwa hiyo usiupande katika jaruba la mpunga. Chagua mahali palipoinuka, karibu na nyumba. Joto la Chimala, chini ya milima, linaufaa sana. Wenzetu wa kule juu Matamba wana baridi kali zaidi. Kwao utakua polepole, na wasubiri miezi yenye joto.

Tuta. Lima tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Lainisha udongo vizuri. Changanya debe moja au mawili ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche.

Kupanda. Chora mistari 3 kwa urefu wa tuta, yenye nafasi ya sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Mbegu ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke kwa mafungu. Zimwage katika mistari na uzifunike kwa udongo mwembamba, unene wa sentimita 1 tu. Mbegu iliyozikwa chini sana haitoki. Mwagilia polepole.

Kupunguza. Miche hutoka baada ya siku chache, kiasi cha wiki moja. Ikifika urefu wa kidole, anza kuipunguza. Acha nafasi ya sentimita 15 kati ya mche na mche. Usiitupe unayong'oa. Hiyo ndiyo mboga yako ya kwanza, nayo ni laini.

Kumwagilia. Wakati wa kiangazi mwagilia kila siku, asubuhi au jioni. Mgagani ukikosa maji huharakisha kutoa maua, na majani huzidi uchungu.

Kuchuma. Baada ya wiki 4 hadi 6 anza kuchuma. Chuma kichwa cha mmea na majani laini. Matawi ya pembeni yatachipua. Chuma tena kila wiki. Ukiona matumba ya maua, yakate. Hapa sisi ni kinyume cha wakulima wa kepa. Wao hutafuta tumba, sisi twatafuta jani. Mmea ukiachwa utoe maua, nguvu yake huenda katika mbegu na majani hubaki madogo.

Wadudu. Vidukari hupenda majani laini. Nyunyiza jivu la kuni, au kata sehemu zilizoshambuliwa. Usitumie dawa ya pamba au ya mazao mengine, maana majani haya unayala baada ya siku chache tu.

Kuna jambo la kupendeza kwa wafugaji. Mwaka 1992 watafiti nchini Kenya walieleza kwamba kupe huikimbia harufu ya mgagani. Hiyo haina maana kwamba tuache kuogesha mifugo. Lakini tuta la mgagani karibu na zizi halina hasara.

6. MBEGU: SIRI YA KUNGOJA

Wengi waliojaribu kupanda mgagani walishindwa wakasema, "Mmea huu ni wa porini, haukubali kulimwa." Sababu mara nyingi ni mbegu.

Mbegu mpya ya mgagani hulala. Ukivuna leo na kupanda kesho, nyingi hazitaota. Ziache zipumzike miezi 3 au zaidi, hata miezi 6. Mbegu ulizovuna mwezi wa Aprili, usizipande Mei. Ngoja angalau hadi Agosti.

Ni mimea ipi ya kuachia mbegu? Wengi huchukua mbegu katika mmea uliotangulia kutoa maua, kwa sababu ndio uliokomaa mapema. Hilo ni kosa. Mmea wa namna hiyo utazaa wenzake wenye haraka ya maua na uchache wa majani. Chagua mimea yenye afya, yenye majani makubwa, iliyochelewa kutoa maua. Funga uzi mwekundu ili mtu asiichume.

Maganda yakianza kuwa ya njano, kata matawi kabla maganda hayajapasuka. Yaanike juu ya turubai au kitambaa. Yakikauka, pigapiga polepole, pepeta, kisha weka mbegu katika chupa kavu yenye kifuniko. Andika juu ya chupa: MGAGANI, na tarehe ya kuvuna. Hii ni faida mojawapo ya kujua kuandika. Chupa isiyo na maandishi hubishaniwa na nyumba nzima.

Kule Arusha kuna tawi la Kituo cha Dunia cha Mboga. Watafiti wake wamekusanya mbegu za mgagani kutoka sehemu nyingi na kuchagua zile zenye majani mengi. Kama wataalamu wanaitunza mbegu hiyo, itakuwaje sisi wenyewe tuitupe? Ukihitaji mbegu au ushauri, mwone afisa ugani, yule ambaye zamani tulimwita Bwana Shamba.

7. KUPIKA BILA KUMWAGA VITAMINI

Watu wengi huchemsha mgagani muda mrefu na kumwaga maji ili uchungu utoke. Uchungu hutoka, lakini na vitamini nyingi hutoka pamoja nao. Ni kama mtu anayefukuza panya kwa kuchoma ghala. Ziko njia bora.

Njia ya kwanza: Changanya. Chukua mafungu 2 ya mchicha, majani ya kunde au majani ya maboga, na fungu 1 la mgagani. Uchungu utapungua bila kumwaga kitu.

Njia ya pili: Maziwa. Wakisii na Wakalenjini wa Kenya hupika mgagani kwa maziwa, na pengine huulaza usiku mmoja ili ladha iwe laini. Wafugaji wa Usangu wanayo maziwa. Wajaribu.

Njia ya tatu: Karanga. Hii tuieleze kwa hatua.

- Osha majani kwa maji safi kabla ya kuyakata. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, vitamini huondoka na maji.
- Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kidogo.
- Tia mgagani na mboga uliyochanganya. Ongeza maji kidogo tu na ufunike sufuria.
- Yakilainika, tia karanga zilizosagwa zilizokorogwa na maji. Koroga zisishike chini.
- Tia chumvi kidogo. Epua.
- Kamulia limau mezani, si jikoni, kwa sababu moto huharibu vitamini C.

Mtoto aliyeanza kula apewe kidogo, iliyopondwa vizuri na kuchanganywa na karanga. Atazoea ladha akiwa bado mdogo. Mtu mzima anayeuchukia mgagani mara nyingi ni yule ambaye hakuuonja utotoni.

8. KUWEKA AKIBA YA KIANGAZI

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Mwezi wa Februari mboga ni nyingi, hata nyingine huoza. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, mboga ni adimu na bei hupanda. Watu wa kepa walitumia chumvi kuvusha mavuno yao. Sisi tuna hewa kavu na upepo. Tukaushe.

- Chuma majani mazima yasiyo na wadudu. Osha.
- Chovya katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3. Toa na uchuje.
- Tandaza kwa wembamba juu ya kichanja kilichoinuliwa, penye kivuli na upepo. Usianike juani, maana jua kali huharibu vitamini A. Usianike chini, penye vumbi na kuku.
- Funika kwa chandarua safi ili nzi wasitue.
- Geuza mara kwa mara. Baada ya siku 2 hadi 4 majani huvunjika yakiminywa. Hapo yamekauka.
- Weka katika chombo kikavu chenye kifuniko, mahali pasipo na mwanga. Andika tarehe. Tumia kabla ya miezi 6 kupita.

Ukiona ukungu, tupa. Usiukung'ute ukapika. Ukungu ni sumu.

Wakati wa kupika, loweka majani makavu katika maji ya vuguvugu mpaka yalainike, kisha pika kwa karanga.

9. HESABU YA TUTA MOJA

Tuta letu lina mistari 3, kila mmoja mita 5. Jumla ni mita 15 za mistari. Kila sentimita 15 kuna mche mmoja. Mita 15 ni sentimita 1,500. Gawanya 1,500 kwa 15, utapata miche 100.

Tuseme kila miche 10 hutoa fungu 1 kwa wiki. Miche 100 itatoa mafungu 10 kwa wiki. Nyumbani mle mafungu 4 na kuuza 6. Tuseme fungu moja ni shilingi 500. Kwa wiki moja utapata shilingi 3,000. Ukichuma kwa wiki 5 utapata shilingi 15,000, na chakula cha nyumbani hukununua.

Bei na mavuno vya kwako vitakuwa tofauti. Weka hesabu yako mwenyewe. Andika kila wiki: ulichokula, ulichouza na fedha ulizopata. Chimala ina barabara kuu iendayo Mbeya, na ina stesheni ya reli ya TAZARA. Wanunuzi hupita. Lakini mnunuzi hapendi fungu lililochanganywa na majani mazee, magugu na mashina. Kumbuka watu wa kepa: chambua kwanza. Huko Nairobi mboga hii, iliyokuwa ikidharauliwa mjini, sasa huuzwa hata katika maduka makubwa.

Mtu mmoja nyumbani asiamue peke yake. Tuseme mama ndiye aliyelima tuta na kumwagilia. Baba akizichukua fedha zote, mwaka ujao tuta halitalimwa. Kaeni pamoja mkubaliane kiasi cha kula, kiasi cha kuuza na matumizi ya fedha. Na chakula cha watoto kitangulie soko.

10. TAHADHARI

Zamani mtu aliweza kuchuma mgagani mahali popote. Leo hali ni tofauti. Mashamba mengi ya mpunga na mahindi hupigwa dawa ya kuua magugu. Majani yanaweza kukaa siku kadhaa yakionekana mazima na tayari yana dawa. Kwa hiyo:

- Usichume katika shamba la mtu bila kumwuliza kama amepiga dawa.
- Ukipiga dawa shambani mwako, waambie majirani.
- Usichume kando ya barabara kuu, penye moshi na vumbi la magari.
- Usichume karibu na choo au penye maji machafu.
- Usitumie chupa wala debe la dawa kuwekea mbegu au mboga, hata likioshwa.

Njia iliyo salama kuliko zote ni tuta lako mwenyewe. Hapo wajua nini kimemwagwa na nani amekimwaga.

MANENO YA KUJIFUNZA

Tumba: ua ambalo bado halijafunguka.
Kikonyo: kijiti kinachoshika jani.
Kichanja: jukwaa la miti la kuanikia vitu.
Jaruba: sehemu ya shamba la mpunga iliyozungushiwa kingo ili ishike maji.
Vidukari: wadudu wadogo wanaofyonza maji ya majani.
Ukungu: uoza unaoota juu ya chakula chenye unyevu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini watu wengi huona haya kumpa mgeni mgagani? Je, sababu hizo ni za kweli?
2. Taja mambo manne ambayo watu wa kepa walijifunza. Ni lipi tunalikosa zaidi hapa kijijini?
3. Kwa nini mbegu ya mgagani iliyovunwa leo haifai kupandwa kesho?
4. Mama mmoja huchemsha mgagani mara mbili na kumwaga maji yote. Utamshauri nini bila kumvunjia heshima?
5. Mmea gani mwingine tunaung'oa kama gugu, nao waweza kuliwa? Wazee wa darasa watangulie kusema.

KAZI YA DARASA

Kila mwanadarasa alete jani moja la mgagani na jina lake kwa lugha ya kwao. Andikeni majina yote ubaoni. Kisha limeni tuta moja la darasa, mita 1 kwa mita 5. Nusu pandeni mbegu ya mwaka huu, nusu mbegu ya mwaka jana. Andikeni tarehe. Baada ya wiki 2 hesabuni miche ya kila upande. Mtakayoyaona kwa macho yenu ndiyo yatakayowafundisha zaidi.

Katika somo la kumi tutasoma juu ya kuhifadhi nafaka ghalani.